Mguu wa mama na chanjo ya 2021
Dada, umeuliza kama mguu wa mamako umevimba kwa sababu ya chanjo ya korona. Kama alidungwa ile ya AstraZeneca 2021, uvimbe wa wiki hii si wa chanjo. Yale madonge ya damu yaliyohusishwa na chanjo hiyo yalikuwa yakijitokeza kati ya siku ya 4 na ya 42 hivi baada ya kudungwa, tena kwa nadra: Uingereza ilikuwa kama mtu 1 au 2 kwa kila dozi 100,000 za kwanza.

Lakini usikae naye nyumbani! Umesema ni mguu mmoja, una joto, na juzi alitoka Mombasa hadi Kisumu kwa basi. Mimi nashuku hiyo safari ya kukaa muda mrefu imemletea donge mguuni. Mpeleke hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu leo apigwe picha ya mshipa. Akianza kuhema au kifua kumbana, hiyo ni dharura. Na tafadhali msimkande huo mguu, hata shosho akisisitiza.