Kubadilisha sponsa Uingereza: maswali yenu ya wiki hii

Maswali ya kubadilisha mwajiri yamekuwa mengi mno, hasa kutoka kwenu mnaofanya kazi za kea (kuhudumia wazee na wagonjwa), na naelewa kwa nini. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza wamefunga mlango wa kuleta wahudumu wa kea kutoka nje, kwa hiyo mwenye viza sa hivi akiipoteza akarudi nyumbani ndo basi tena, kwa njia ile ile harudi. Majibu haya ni ya viza ya Skilled Worker pamoja na ile ya Health and Care.

Swali: Dada, nimepata kea homu nyingine Leeds, wanalipa vizuri kuliko hapa. Niandike notisi sasa hivi?

Hapana mdogo wangu, subiri. Kwanza mwajiri mpya awe na leseni ya kudhamini (orodha iko wazi kwenye tovuti ya serikali, kamtafute humo wewe mwenyewe kwa jina, na kwa kea ya England awe amesajiliwa pia CQC, wakaguzi wa huduma za afya na kea), halafu akupe COS (hati ya udhamini, Certificate of Sponsorship) yake yeye maana ile ya zamani haihamishiki, halafu wewe unaomba viza upya ukiwa hapo hapo Uingereza. Wakati unasubiri unaendelea kufanya kazi kwa mwajiri wa zamani kama kawaida na mshahara unaingia. Majibu kwa kawaida yanatoka ndani ya wiki 8. Wengi wanaponzwa na kale kaneno "njoo tu uanze mafunzo huku tunasubiri majibu", jamani msikubali, kufanya kazi kwa sponsa mpya kabla viza haijatoka ni kuvunja masharti na kosa linaandikwa kwa jina lako. Viza ikitoka ndo unatoa notisi na unaruhusiwa kuimaliza kule kule, cha muhimu mpange mapema tarehe ya kuanza inayoacha nafasi ya hiyo notisi, maana ukishapewa viza una siku 28 tu za kuanza, zinahesabiwa toka siku uliyojulishwa, siku viza inapoanza au tarehe ya kuanza kazi iliyo kwenye COS, yoyote inayokuja mwisho.

Swali: Bosi anasema nikiondoka ataifuta viza yangu nirudishwe Kenya. Anaweza?

Hawezi. Mwajiri hana mamlaka ya kufuta viza ya mtu, anachoweza na anachotakiwa kufanya ni kuripoti kwamba umeacha kazi, na ana siku 10 za kazi kufanya hivyo. Anayeamua ni Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza), na kawaida wanakuandikia barua wanakupunguzia viza ibaki siku 60, au chini ya hapo kama viza yako yenyewe ilikuwa inaisha kabla. Siku hizo zinahesabiwa toka kwenye ile barua na siyo toka siku uliyoacha kazi, na barua yenyewe inaweza kuchukua wiki au hata miezi kufika. Ndani ya hizo 60 ukipata sponsa mwingine na ukatuma maombi, umebaki kihalali. Naumia sana nikisoma meseji kama hii kwa sababu najua mtu anakaa miaka anafanyishwa masaa 60 kwa wiki, analipwa nusu, ananyamaza kwa sababu ya hiyo sentensi moja ya bosi. Na kama anashikilia pasi yako, hiyo ni mali yako, mdai. Piga simu ACAS, wanaoshauri kuhusu haki za kazini, ni bure na hawahitaji kujua viza yako ni ya aina gani, na manyanyaso yakiwa makubwa kuna Fair Work Agency, taasisi iliyochukua kazi za GLAA mwaka 2026, wanaoshughulikia unyonyaji wa wafanyakazi.

Swali: Kampuni yetu imenyang'anywa leseni ila sijapata barua yoyote. Nikae tu?

Usikae! Anza kutafuta leo, hiyo barua ikichelewa ni muda wa bure umepewa. Ingia kwenye akaunti yako ya eVisa (viza ya mtandaoni) uhakikishe imeili na namba ya simu ni za sasa, angalia na spamu, maana kuna watu siku 60 ziliisha barua imelala kwenye imeili waliyoacha kuitumia.

Swali: Ajenti anataka pauni 3,000 anipe COS ya kampuni nyingine. Nimpe?

Usimpe hata senti. COS haiuzwi. Ada yake analipa mwajiri, na tangu 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kukubebesha wewe ada ya COS wala ya leseni, na ile tozo ya ujuzi anayolipa mwajiri (Immigration Skills Charge) haikuwahi kuruhusiwa kabisa kukubebesha. Wewe unalipa ada yako ya viza, na ukiwa kwenye Health and Care ile tozo ya matibabu nayo huilipi. Zaidi ya hapo, COS ya kununua mara nyingi nyuma yake hakuna kazi, na Home Office wakija kukagua hawamuulizi ajenti, wanakuuliza wewe. Ukitaka ushauri wa kulipia tafuta mtu aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, wasimamizi wa washauri wa uhamiaji, ndo wale waliokuwa wanaitwa OISC.

Swali: Nikihama, ile miaka mitano ya makazi inaanza upya?

Haianzi upya, mradi hakuna pengo kati ya viza na viza. Ila Mei 2025 serikali ilitangaza inataka kuifanya miaka 10, kwa hiyo usipange maisha kwa hesabu ya zamani.

Swali: Nimeshatuma maombi, mama anaumwa sana Tanga. Naweza kwenda nikarudi?

Pole sana kaka, Mungu amponye mama. Ukitoka Uingereza kabla majibu hayajatoka maombi yanahesabika umeyaondoa. Ongea na mwajiri mpya leo, na kama hamjatumia huduma ya haraka ulizia kama bado inawezekana, ni pauni 500 za ziada na majibu yanatoka ndani ya siku 5 za kazi, ukishaona viza mpya kwenye akaunti ndo unakata tiketi.