Kuingia Notre-Dame kwa saa maalumu
Ndugu yangu, umeuliza kama mama yenu, atakayesafiri kutoka hapa Kigoma kwenda Paris, anunuliwe mapema tiketi ya Notre-Dame. Kuingia kanisani humo ni bure, kwa hiyo anayewauzia tiketi ya mlangoni msimpe hata senti moja. Tangu lilipofunguliwa tena Desemba 2024, baada ya moto wa Aprili 15, 2019, mgeni anaweza kuchagua saa yake kwenye tovuti rasmi ya kanisa, lakini nafasi hutolewa siku chache tu kabla na huisha upesi, hivyo msihangaike kuzitafuta kabla hajaondoka. Akizikosa, apange foleni, ambayo huwa ndefu lakini husogea. Minara hulipiwa kwa tiketi ya peke yake. Na kama nia yake hasa ni kusali, namsihi aende wakati wa misa, kwani waumini hawahitaji kuweka nafasi.