Kuhusu cheo ulichoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ukubali kuwa mkuu wa idara ya rasilimali watu katika shirika ambalo nusu ya wafanyakazi wake hufanyia kazi nyumbani. Mimi niliikuta kazi hiyo ikiitwa utumishi: majalada, likizo, mishahara na nidhamu. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, Machi 2020, kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, afisa utumishi ametakiwa kujua pia karantini, afya ya akili na hata saa ambazo bosi hapaswi kumsumbua mtu, jambo ambalo Ufaransa ilikuwa na sheria yake tangu 2017 na Ureno ikapitisha yake mwishoni mwa 2021. Hayo utajifunza, kusoma hakujawahi kukushinda.

Linalonisumbua mimi ni kupunguza watu. Unakumbuka nilivyokuwa nikijifungia chumba cha nyuma na kompyuta ya dada yako. Uongozi uliamua kwamba wanaopunguzwa waambiwe kwa mkutano wa video, sauti zao zikiwa zimezimwa, nami nisome tangazo. Nilipinga, nikaambiwa huo ndio utaratibu. Nikiwa katikati ya kusoma, mtunza stoo mmoja aliinua funguo mbele ya kamera, akazitikisa, midomo ikicheza bila sauti. Jioni nilimpigia simu: alikuwa akiuliza tu nani azipokee, maana kesho yake kulikuwa na mzigo wa kukaguliwa. Mpaka leo roho inaniuma. Ndiyo maana nasema kila siku, nawe umeshachoka kunisikia, kwamba habari mbaya ya kazi mtu huambiwa na mtu, tena akapewa nafasi ya kujibu.

Lakini wapo walioniambia baadaye kwamba afadhali walilia kwao kuliko kupita mbele ya wenzao wamebeba maboksi. Na dada yako, kama si kufanyia kazi nyumbani, angeacha kazi alipojifungua. Pengine nagombana na video bure, ilhali kilichoniudhi ni zile sauti kuzimwa.

Sitakuambia kubali wala kataa, ingawa ulimi unaniwasha. Kabla ya kutia saini, waulize kama mkuu wa idara huwamo katika kikao kinachoamua nani apunguzwe, au huletewa tu orodha aisome. Wakikujibu kwamba huletewa orodha... basi, nimesema sitahukumu. Niandikie majibu yao kabla hujamwambia mama yako, kwa sababu yeye ameshaanza kuwatangazia majirani.

Baba yako