Usinyanyue tanki, panua bomba

Mkuu, zima kwanza hiyo mashine ya kuchomelea. Nimesoma maelezo yako yote, na nilipofika pale fundi anapokwambia upandishe stendi ya tanki kutoka mita 1.5 hadi mita 3 "ili mashine ipate presha", nimeshindwa kunyamaza.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ana tanki la lita 1,000, mpira wa maji wa nusu inchi wa mita 20, na mashine ya kuoshea kwa presha, ya bar 150 (bar ni kipimo cha presha), inayokula lita 12 kwa dakika. Akiwasha, maji yanatoka kwa kukatika, bunduki ya kurushia maji inamrukaruka mkononi, na pampu inapiga kelele. Anauliza apandishe stendi au la, achague chujio gani, ahamie mashine ya petroli, na sabuni aiingizie wapi.

Stendi ya mita 3 mimi ninayo. Nzuri kweli, miguu minne, vyuma vya mshazari, zege chini. Mpira nikauacha uleule wa nusu inchi, kwa sababu hakuna aliyeutaja. Nikawasha mashine, maji yakakatika vilevile kama zamani, tofauti ikawa moja tu: sasa ili nijue tanki lina maji kiasi gani ilibidi nipande ngazi. Fundi akasema ni hewa imebaki ndani, "itajitoa yenyewe, wewe endelea kuosha". Nikaendelea kuosha. Msinicheke, nilikuwa nimeshalipia stendi.

Kilichofuata: kelele ya pampu ikawa kama kokoto ndani ya kopo, presha ikashuka taratibu, kisha maji yakaanza kuchuruzika chini ya pampu. Mwisho oili ikageuka nyeupe, maana yake maji yameshavuka sili, yaani zile pete za kuzuia maji, na kuingia upande wa oili. Tulipoifungua, valvu zilikuwa zimechimbikachimbika, sili zimekwisha. Muuzaji, yuleyule aliyeniapia kwamba mashine hii "inavuta hata kisimani", akatazama valvu mara moja akasema dhamana haihusu pampu iliyonyimwa maji. Siku ya kuuza inavuta kisimani, siku ya dhamana inataka kubembelezwa. Sawa.

Sasa nikueleze kwa nini fundi wako, na wangu, wanapotosha watu. Wanasema presha ya tanki ni kimo. Ni kweli, na ndiyo maana tunawaamini. Ila piga hesabu: mita 10 za kimo zinakupa takribani bar 1. Kwa hiyo mita moja na nusu unayotaka kuongeza ni bar 0.15. Mashine yako inatengeneza bar 150 yenyewe. Unadhani inakungoja wewe uiletee hizo 0.15? Haihitaji presha ya tanki lako. Inahitaji WINGI wa maji. Pistoni zake zikirudi nyuma, ni lazima zikute maji yamejaa nafasi yote. Zikikosa, ndani yake panakuwa na ombwe, yaani nafasi tupu isiyo na hata hewa, na maji yakiwa kwenye ombwe huchemka yakiwa baridi. Vinatokea viputo vya mvuke, pistoni ikirudi mbele viputo vinapasuka kwa nguvu, na kidogo kidogo vinachimba chuma cha valvu. Hiyo ndiyo kelele unayoisikia.

Na wingi unauliwa na mpira, hauuliwi na kimo. Mpira wa nusu inchi wa mita 20, ukiutaka upitishe lita 12 kwa dakika, msuguano wake peke yake unameza kimo cha kama mita 4 na nusu. Soma tena. Wewe unapanda hadi mita 3. Hata ukimaliza stendi, ukaipaka rangi na kuizindua, maji bado hayatoshi. Lakini bomba la inchi moja, urefu uleule, maji yaleyale, linameza sentimita 20 na kidogo tu. Yaani kwa stendi yako ya sasa, ya mita 1.5, unabaki na akiba. Ukizidisha kimo mara mbili unapata maji kama mara 1.4 hivi. Ukizidisha upana wa bomba mara mbili unapata zaidi ya mara 5. Chuma chote kile nilichonunua kingenipa mpira mnene wa kuzunguka nyumba.

Na bomba maana yake njia YOTE, kuanzia tundu la tanki. Usiweke bomba la inchi moja halafu mwanzoni ukabakiza kijikoki cha nusu inchi, maji yatapimwa na kile kijikoki. Weka koki ya mpini ambayo ikifunguliwa tundu linabaki wazi lote. Punguza kona. Viungio vile vya kuchomeka haraka, vya plastiki, vingi vina katundu ambako kidole kidogo hakipiti, vitupe. Unapunguza upana mara moja tu, pale unapoingia kwenye mashine. Mpira uwe mgumu, kwa sababu mlaini mashine ikivuta unabanana katikati na huoni kitu. Viungo vyote vifunge kwa klipu za chuma. Upande huu wa kuvuta maji kiungo kibovu si lazima kikuoneshe tone la maji, kinaweza kuvuta hewa kimyakimya, na hewa itakupa dalili hizohizo unazolalamikia.

Jamaa hapo juu amesema uweke pampu ndogo ya kusukuma. Inafanya kazi, ila iweke kwenye tanki, usiiweke mwisho wa mpira ambako nayo itakuwa inavuta kwenye mrija uleule mwembamba na utakuwa na pampu mbili zinazolia. Mimi kabla ya hapo ningehamisha mashine. Isogeze chini ya tanki, mita moja au mbili, kisha urefushe mpira wa upande wa presha, ule unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye bunduki. Huko mita 10 za ziada zinakula bar chache tu kati ya 150, hutazigundua. Hakuna aliyeniambia hili. Fundi anayelipwa kwa kuchomelea hawezi kukwambia usogeze mashine.

Kabla ya kununua chochote, chukua ndoo ya lita 20. Chomoa mpira kwenye mashine, kiungio chake kibaki kwenye mpira, shika ncha kwenye kimo kilekile cha tundu la mashine, fungua koki yote, hesabu muda. Kwa mashine ya lita 12 unataka angalau lita 18 kwa dakika, kwa hiyo ndoo ijae kwa dakika moja na sekunde chache. Ikichukua dakika mbili, mashine isiwashwe, hata kwa "nione tu". Pima tanki likiwa karibu kwisha, maana likijaa linakudanganya. Na legeza mfuniko: tanki lililozibwa kabisa linajinyima hewa, maji yanaanza vizuri halafu yanafifia.

Ukiwasha, bana kifyatulio cha bunduki kwanza injini ikiwa imezimwa, nozo (ile ncha ya kutolea maji) imetolewa, acha maji yajipitie hadi viputo viishe. Ndipo urudishe nozo na uwashe. Usiiache inaunguruma bunduki ikiwa imefungwa kwa muda mrefu, kwa aina nyingi maji yanazunguka humohumo kwenye pampu na kupata moto, na sili hazipendi.

Chujio weka, ila liwe kubwa kuliko unavyodhani na lisafishwe, kwa sababu chujio dogo lililojaa uchafu ni mpira wa nusu inchi mwingine. Bomba litokee juu kidogo ya sakafu ya tanki ili lisivute tope. Petroli au umeme? Ya petroli mara nyingi inakula maji zaidi, kwa hiyo kwa mpira huo utaiua mapema zaidi. Kuhusu sabuni kuna watu humu wanajua kuliko mimi.

Fanya kipimo cha ndoo leo, uandike hapa sekunde ngapi na kipenyo cha lile tundu la tanki. Na fundi akikupigia mwambie chuma kimechelewa.