Maswali Yenu: Ufukara wa Mtakatifu Klara na Masista wa San Damiano

SWALI: Watawa wote huweka nadhiri ya ufukara. Kwa nini wa Klara wa Asizi husemwa kwamba ulikuwa wa pekee? – Msomaji, Songea

JIBU: Angalia nani alikuwa mwenye mali. Katika monasteri nyingi za karne ya 13, sista mmoja mmoja hakumiliki kitu, lakini nyumba yenyewe ilikuwa na mashamba, vinu na wapangaji, na binti aliingia na fungu lake kutoka kwa wazazi. Klara, aliyetoroka kwao usiku wa Jumapili ya Matawi karibu mwaka 1212 akakatwa nywele na Fransisko wa Asizi, alitaka hata nyumba yao, San Damiano karibu na Asizi huko Italia, isimiliki kitu. Aliyetaka kujiunga naye aliuza vyake na kuwagawia maskini, na kanuni, yaani sheria ya maisha aliyoiandika Klara, ikawaonya abesi (sista mkuu wa nyumba) na masista wasijitie katika mali hiyo.

Viongozi wa Kanisa waliogopa, nao walikuwa na sababu. Wanawake wanakaa ndani ya ugo, hawana kodi ya shamba; mwaka wa njaa itakuwaje? Papa Gregori IX alimsihi Klara apokee mali, akakataa. Tarehe 17 Septemba 1228 Papa akampa hati iitwayo Upendeleo wa Ufukara: mtu yeyote asiwalazimishe kupokea mali.

SWALI: Sasa walikula nini? – Msomaji, Moshi

JIBU: Bustani, kazi ya mikono na sadaka. Kanuni iliruhusu ardhi ya kutosha tu kuitenga monasteri na watu, nayo ilimwe mboga za masista wenyewe. Baada ya sala ya saa tatu asubuhi kila mmoja alishika kazi ya mikono kwa faida ya wote. Klara alipokuwa mgonjwa aliomba ainuliwe na kuegemezwa kitandani ili asokote uzi; kitani chake kilishonwa korporali, vile vitambaa vya altareni, zikapelekwa katika makanisa ya kandokando ya Asizi.

Hayo hayakutosha nyumba ambayo hati ya mwaka 1238 inataja masista 50. Mkate hasa uliletwa na Ndugu Wadogo, yaani watawa wa kiume wa Fransisko, waliowaombea sadaka, na hapo ndipo palipokuwa dhaifu. Mwaka 1230 Papa alikataza ndugu kuingia katika monasteri za masista bila ruhusa yake. Ndugu waliowahubiria masista wakakosekana, waliowaombea mkate wakaendelea kuja. Klara akawarudisha hao nao: kama masista wananyimwa chakula cha roho, cha mwili hawakitaki. Papa alipopata habari akalegeza katazo, akalikabidhi jambo hilo kwa mkuu wa Ndugu Wadogo.

Tunaomba wanaofundisha habari za Klara wasiliruke tukio hili. Mwanamke huyu alijua vizuri sana mkate unatoka wapi.

SWALI: Je, wagonjwa nao walifunga? – Msomaji, Kisii

JIBU: Hapana. Masista wenye afya walifunga mwaka mzima, na Krismasi walikula mara mbili. Lakini wadogo kwa umri na wadhaifu walipunguziwa, na mgonjwa aliruhusiwa godoro la majani makavu, mto wa manyoya ya ndege na soksi za sufu. Klara mwenyewe alikuwa amejifunza kwa maumivu. Wakati wa Kwaresima hakula kitu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hadi Fransisko na askofu wa Asizi walipomwamuru asipitishe siku bila angalau wakia moja na nusu ya mkate, yaani kama gramu 40. Baadaye alimwandikia Agnes wa Praha, sista mwenzake wa mbali, apunguze ukali wa mafungo, kwa kuwa mwili wetu si wa shaba.

SWALI: Kanuni yake ilikubaliwa lini? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Papa Inosenti IV aliithibitisha tarehe 9 Agosti 1253; Klara akafariki tarehe 11. Mwaka 1263 Papa Urbani IV alitoa kanuni nyingine inayoruhusu monasteri kumiliki mali, na nyumba nyingi zikaifuata hiyo. Hati halisi ya mwaka 1253 ilionekana tena mwaka 1893, imehifadhiwa ndani ya vazi la Klara.