Mapenzi au ujinga tu?

Swali: Mhariri, jana tumeangalia The Square, ile thrila ya Australia ya 2008. Waifu anasema Ray mjinga tu, mi naona jamaa alipenda kweli. Nani yuko sahihi?

Jibu: Shemeji yuko sahihi bwana, pole. Mtu ana mkewe ndani, anatoka na Carla ambaye naye ni mke wa mtu, halafu wanapanga waibe hela alizoficha mume wa Carla na nyumba ichomwe moto ili kufuta ushahidi, sasa hapo mapenzi yako wapi? Bajeti ndogo inaonekana, ila mwongozaji wake Nash Edgerton alikuwa stantimani, yaani mtu wa kuigiza matukio ya hatari, ndo maana zile ajali zinakushtua kweli. Na yule mchomaji ndo mdogo wake, Joel!