Kikaoni wanasema ndiyo, kazini hakibadiliki kitu

Swali: Nasimamia mradi wa kuvihamisha vitengo vyetu sita kutoka kwenye majedwali ambayo kila kitengo kinajitunzia, viingie kwenye mfumo mmoja wa kupokea na kufuatilia maombi ya wateja. Uongozi wa juu umeidhinisha, bajeti ipo, mafunzo tumetoa mara mbili, na kikaoni wakuu wote wa vitengo waliafiki. Miezi mitatu sasa vitengo viwili tu ndivyo vinautumia. Vingine vinatupiga danadana. Mkurugenzi anataka kuwaandikia wakuu hao barua za onyo. Nitawapataje wawe upande wetu?

Jibu: Mwombe mkurugenzi azishikilie hizo barua kwa wiki mbili tatu. Onyo litawafanya waujaze mfumo, hilo sikatai. Ila wataujaza Ijumaa jioni, kwa kunakili kutoka majedwali yaleyale, nawe utabaki na takwimu nzuri za jambo ambalo halipo.

Kabla ya kufikiria ushawishi, itafute fomu ambayo mkuu wa kitengo hufanyiwa tathmini nayo. Anapimwa kwa kitu gani? Ikiwa ni idadi ya maombi ambayo kitengo chake kimeyafunga kila mwezi, mfumo wenu unamuumiza mara mbili. Wiki za mwanzo kasi itashuka kwa sababu watu bado wanajifunza. Halafu ombi lililopita kwenye vitengo viwili, linahesabiwa kwa nani? Mkurugenzi anahubiri ushirikiano, fomu inamlipa anayevutia kwake. Mtu mwenye akili timamu ataifuata fomu. Nimeitwa mara nyingi kutibu "ukaidi" wa mameneja wa kati, na nilipochimba kidogo nikakuta watu waliopiga hesabu zao sawasawa.

Kwa hiyo barua ninayoitaka kwa mkurugenzi ni nyingine kabisa: malengo ya kipindi cha mpito yapunguzwe kwa maandishi, na ombi lililoshughulikiwa na vitengo viwili lihesabiwe kwa vyote viwili. Pasipo hilo, mengine yote nitakayokueleza ni nyama ya ulimi.

Chunguza pia kama makao makuu bado yanadai ripoti za zamani. Kama zinadaiwa, mnawafanyisha kazi moja mara mbili, tena mnashangaa wanachagua ile waliyoizoea. Tangazeni siku ambayo jedwali la zamani halitapokelewa tena, na siku hiyo ikifika, nyie wenyewe ndio muwe wa kwanza kutoliulizia.

Kuna jambo gumu zaidi. Mkuu wa kitengo ambaye jana alikuwa peke yake anayejua ombi limefikia wapi, kesho kila mtu ataliona. Hicho ni cheo kinachopungua, hata kama mshahara uko palepale. Usimwambie hapotezi kitu, atajua unamdanganya. Kaa naye wawili tu, maana kikaoni, mbele ya bosi, "ndiyo" ni adabu. Wala usimuulize kama anaunga mkono. Muulize hivi: "Vijana wako wakitaka kujua kwa nini tunaacha njia ya zamani, utawajibu nini?" Akikukariria maneno ya waraka, bado hajasadiki, na vijana wake watalisikia hilo kwenye sauti yake. Pengine ameshaona miradi mitatu ikija kwa shangwe na kuzimika kimya kimya, sasa anafunika kombe mwanaharamu apite.

Kuhusu kuwashirikisha, ushahidi ni wa siku nyingi. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha matokeo ya utafiti katika kiwanda cha kushona pajama huko Virginia, Marekani. Kundi lililoelezwa tu kwamba kazi inabadilika lilibaki na uzalishaji wa chini, na asilimia 17 ya watu wake waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo. Makundi yaliyoshiriki kupanga badiliko yaliirudia kasi yake upesi, na katika siku hizo hakuna aliyeacha. Ninachokipenda zaidi ni kilichofuata: waliosalia wa lile kundi la kwanza waliposhirikishwa katika badiliko la baadaye, nao walipanda haraka. Watu walewale! Hao walikuwa wafanyakazi wa kiwandani, si mameneja, kwa hiyo usizihamishe tarakimu zao kwenye ripoti yako. Lakini nahofia ofisini kwenu mmeshaanza kusema "fulani ndivyo alivyo".

Ushiriki wenyewe usiwe wa kuigiza. Mfumo umeshapitishwa, sema hivyo katika sentensi ya kwanza. Kisha yataje yaliyo wazi kweli: sehemu za kujaza, nani aone nini, kitengo kipi kifuate na lini.

Na kitengo cha tatu usikichague kwa uchangamfu wa mkuu wake. Mchague yule ambaye wenzake humpigia simu wanapokwama, hata kama ndiye mlalamishi mkubwa. Litatue lalamiko lake moja ndani ya wiki mbili, wenzake waone. Wale wawili walioanza waombe wawasimulie wenzao, wewe usiwepo chumbani, yaliyowashinda na walivyoyakwepa.

Yote hayo yakifanyika na bado mmoja anapiga danadana, barua ya mkurugenzi itakuwa na kazi. Iandikwe moja, kwa huyo mmoja.